Umepewa tarehe ya operesheni na unavuta sigara: cha kufanya kuanzia leo

Nairobi hakuna anayefurahia kungoja operesheni. Umeonwa kliniki pale hospitali ya Kenyatta au Mama Lucy, ukaambiwa ngiri yako, kifuko chako cha nyongo au goti lako litapasuliwa, kisha ikaanza safari: vipimo vya damu, picha, ruhusa ya SHA (bima ya afya ya serikali) au ya bima binafsi, kitanda, na tarehe inayoweza kusogezwa hata kabla hujaizoea. Watu wanalalamika, na wana haki. Ila kwa mvutaji sigara, hizo wiki ambazo kila mtu anaziona za hasara zinaweza kumsaidia kuliko dawa nyingi atakazodungwa siku yenyewe. Sharti ni kwamba aache kuvuta siku ile ile anayoambiwa atapasuliwa, asisubiri kupigiwa simu aje alazwe.

Mwongozo huu ni wa mtu mzima atakayepasuliwa akiwa amelala kabisa, yaani kwa nusukaputi. Kama utachomwa ile sindano ya mgongo inayotia ganzi miguu tu, usiufunge ukurasa: mambo ya moyo na kidonda yanakuhusu vile vile. Na pale daktari wako atakapokuambia jambo tofauti na haya, mfuate yeye, kwa sababu ndiye aliyekupima.

Kwanza, sigara inafanya nini ukiwa umelala

Anayekulaza usingizi anaweza kuwa daktari, afisa wa kliniki au muuguzi aliyesomea kazi hiyo. Akishakupa dawa ya usingizi na ya kulegeza misuli, unaacha kupumua mwenyewe. Kati ya hapo na mpira kuingia kooni ili mashine ikupumulie, kuna muda ambao mwili unaishi kwa akiba ya oksijeni iliyo mapafuni. Ndiyo maana kabla hujasinzia unawekewa barakoa usoni na kuambiwa uvute pumzi ndefu. Kwa mtu mwenye mapafu mazuri, akiba hiyo humtosha dakika kadhaa. Kwa mvutaji huisha mapema, na aliyeshika mpira analazimika kuharakisha kazi isiyopenda haraka.

Mkosaji wa kwanza ni kaboni monoksidi, gesi ile ile inayoua watu waliolala na jiko la makaa kwenye chumba kilichofungwa. Imo katika moshi wa kila sigara. Inashikamana na hemoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Ni abiria aliyekalia kiti cha matatu na hashuki, oksijeni inabaki steji ikipunga mkono. Kwa mtu anayevuta kila siku, asilimia 5 hadi 10 ya hemoglobini inaweza kuwa imekaliwa namna hiyo, na kwa wavutaji wakubwa hata zaidi.

Hapa kuna jambo ambalo wagonjwa wengi hawalijui. Kile kibano wanachokubana kidoleni kupima oksijeni kinafanya kazi kwa kupitisha mwanga kwenye damu na kusoma rangi yake. Hemoglobini iliyobeba oksijeni na ile iliyokaliwa na kaboni monoksidi, kibano cha kawaida kinaziona karibu sawa. Kwa hiyo namba inaweza kusoma 97 ikapendeza kwenye skrini, kumbe sehemu yake ni hewa ya uongo. Anayekulaza anajua udhaifu huo wa kifaa, lakini ataukumbuka kwako tu ikiwa umemwambia kwamba ulivuta asubuhi.

Uongeze na Nairobi yenyewe. Jiji liko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na huku juu hewa ni nyepesi: kila pumzi ina oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na Mombasa. Mwili wa mkazi wa hapa umezoea, na hospitalini utapewa oksijeni ya kutosha. Lakini ukiwa wodini baadaye, umelala chali, kifua kizito, mtungi umeondolewa, unakuwa huna ziada kubwa ya kuchezea.

Mkosaji wa pili ni koo na mirija ya mapafu. Ndani ya mirija kuna vinyweleo vidogo sana ambavyo kazi yao ni kusukuma makohozi na uchafu kwenda juu. Moshi huvilemaza, na wakati huo huo huifanya mirija itoe makohozi mengi zaidi. Mirija hiyo pia inakuwa na hasira. Ikiguswa na mpira inaweza kubana kama ya mwenye pumu, au nyuzi za sauti zinaweza kujifunga ghafla hewa isipite. Wenye kazi yao wanajua la kufanya, lakini ni dakika ambazo hakuna mtu thieta anayezipenda. Baada ya operesheni makohozi yaliyobaki chini ndiyo yanayoleta nimonia.

Moyo nao unasukumwa na nikotini upige mbio, presha ipande na mishipa isinyae, huku damu inayousukumia oksijeni ikiwa imepungukiwa. Kuhusu kidonda nitasema baadaye, maana hicho ndicho mgonjwa hukiona kwa macho yake.

Kwa haki, kuna jambo moja ambalo mvutaji anamshinda asiyevuta: hatapiki sana kama yeye akizinduka. Hilo ni kweli, linajulikana, na waliosikia wanalitumia kama utetezi. Dawa ya kuzuia kutapika ipo kwenye kila thieta. Tafuta utetezi mwingine.

Hatua ya 1: Hesabu wiki kurudi nyuma

Chukua tarehe uliyopewa, au kama hujapewa, chukulia ni mwezi mmoja kuanzia leo. Halafu ujue kila kipindi kinakununulia nini.

Saa 12 hadi 24 bila moshi: kaboni monoksidi inapungua sana. Kila saa 4 hadi 6 kiwango chake hushuka kwa karibu nusu, na nikotini hutoka haraka zaidi. Mapigo ya moyo na presha hutulia. Kwa hiyo hata aliyesoma haya leo na anapasuliwa kesho ana la kufanya.

Siku chache hadi wiki mbili: koo linaanza kupunguza hasira, vinyweleo vinaanza kuamka. Hapa ndipo wengi hukohoa zaidi kuliko walipokuwa wanavuta, wakaogopa. Ni kazi ya usafi inaendelea.

Wiki 4 na zaidi: hapa ndipo faida kubwa ilipo, kwa mapafu na kwa kidonda. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani, pamoja na Chuo Kikuu cha Newcastle cha Australia na shirikisho la dunia la vyama vya madaktari wa usingizi, lilitoa taarifa kwamba wavutaji walioacha takriban wiki 4 kabla ya upasuaji wana hatari ndogo zaidi ya matatizo, na kwamba kila wiki inayoongezeka baada ya hizo 4 huboresha matokeo kwa asilimia 19. Ukifika wiki 8, vizuri zaidi.

Kuna uvumi mmoja unaozunguka, na hata baadhi ya wahudumu wa afya wamewahi kuusema: kwamba ukiacha siku chache kabla ya operesheni ni hatari zaidi, bora uendelee tu hadi upone. Ulitokana na hofu ya yale makohozi ya mwanzoni. Tafiti zilizofanywa baadaye hazikuunga mkono hofu hiyo. Aliyeacha wiki moja kabla ya operesheni hakujidhuru, amepata tu faida ndogo kuliko aliyeacha mapema. Sasa, je, uombe tarehe isogezwe ili upate wiki zako 4? Kama ni jambo linaloweza kungoja, mfano ngiri isiyouma au nyonga ya kubadilishwa, muulize daktari wa upasuaji waziwazi, na usishangae akilitaja yeye kwanza. Kama ni saratani au jambo linaloharibika kila siku, usithubutu kuchelewesha kwa ajili ya sigara. Acha leo, uende na wiki ulizonazo.

Hatua ya 2: Mwambie ukweli anayekulaza usingizi

Kabla ya operesheni iliyopangwa utaonwa na watu wa usingizi, kliniki au wodini siku moja kabla. Mazungumzo kwenye benchi huwa hivi:

"Mzee, unavuta sigara?"

"La, sista. Niliacha."

"Uliacha lini?"

"Jana jioni."

Benchi zima linacheka, na mfukoni mwa shati kona ya pakiti bado inachungulia. Lakini huyo mzee, kwa maoni yangu, amejibu vizuri kuliko kijana anayemfuata, aliyesema hajawahi kuonja huku vidole viwili vya mkono wa kulia vikiwa vya manjano. "Jana jioni" ni jibu linaloandikika kwenye faili na linalobadilisha jinsi utakavyolazwa. "Sijawahi" la uongo linamwacha anayekulaza ajue habari zako wakati koo limeshabana.

Mpe haya bila kungoja kuulizwa. Unavuta sigara ngapi kwa siku na kwa miaka mingapi. Ya mwisho ulivuta lini. Je, asubuhi unaamka na makohozi, na ni ya rangi gani? Ukipanda ngazi, au ukitembea kutoka steji hadi nyumbani, unasimama njiani kutafuta pumzi? Umewahi kulazwa usingizi kabla, na ilikuwaje?

Halafu taja yale ambayo watu huyaona si sigara.

Shisha. Serikali iliipiga marufuku Desemba 2017, lakini sisi sote tunajua bado inawashwa wapi. Maji ya kwenye chupa hayasafishi moshi. Mkaa unaowekwa juu unatoa kaboni monoksidi, na mtu aliyekaa na bomba saa nzima anaivuta kwa wingi kuliko aliyevuta sigara moja. Shisha ya Jumamosi usiku na operesheni Jumapili au Jumatatu asubuhi haviendi pamoja.

Sigara za umeme na vile vifuko vya nikotini vya kuweka chini ya mdomo. Havina kaboni monoksidi ya kuungua kwa tumbaku, lakini nikotini ipo, na mvuke wa sigara ya umeme unaiudhi mirija ya mapafu. Ugoro pia ni nikotini, hata kama aliyekuuzia ni nyanya mwenye heshima zake.

Bangi. Hili watu hulificha kwa sababu ya sheria, ila anayekulaza hana haja na polisi. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inalinda siri za mgonjwa, na yeye anachotaka kujua ni kipimo cha dawa. Anayevuta bangi mara kwa mara anaweza kuhitaji dawa nyingi zaidi ya usingizi na ya maumivu, moyo wake unaweza kwenda mbio, na mapafu yake yamepata moshi kama wa sigara. Ukiogopa kusema mbele ya mama aliyekusindikiza, omba aende akachukue chai.

Miraa na muguka. Si moshi, lakini hupandisha mapigo ya moyo na presha, na mara nyingi huandamana na sigara kwenye kikao kimoja. Taja, na uulize uache siku ngapi kabla.

Na kama unatumia dawa za akili kama clozapine au olanzapine, au theophylline ya pumu, sema kwamba unaacha sigara. Moshi huharakisha ini kuzimaliza dawa hizo. Moshi ukiondoka, dawa inabaki mwilini zaidi, na kipimo huenda kikahitaji kupunguzwa.

Hatua ya 3: Acha, kwa mbinu na si kwa kiburi

Kupunguza kutoka kumi hadi tatu ni jambo jema, lakini wengi hufidia kwa kuzivuta zile tatu mpaka kichungi kiungue. Panga kuacha moja kwa moja.

Shida ya Nairobi ni sigara ya rejareja. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 inakataza kuuza sigara moja moja, na bado kila kibanda kando ya steji kina pakiti iliyofunguliwa na kiberiti cha gesi kilichofungwa kwa kamba kwenye nguzo. Huhitaji hata kuwa na pakiti nyumbani ili uvute. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kubadilisha njia na saa. Kama unashukia steji ambayo muuzaji anakujua kwa jina na anakunyooshea fegi kabla hujasalimia, mwambie wazi: "Naenda operesheni, usiniuzie hadi nirudi." Wengi watakubali, na sababu ya operesheni haibishaniwi hata na marafiki wa baa. Ukisema unaacha kwa ajili ya afya watakucheka. Ukisema daktari amekataa kukupasua hadi uache, wananyamaza.

Siku mbili au tatu za kwanza ndizo ngumu kuliko zote: hasira, usingizi kukatika, njaa, kichwa. Hamu yenyewe huja kwa mawimbi ya dakika chache kisha hupita, iwe umevuta au hukuvuta. Tafuta la kufanya kwa dakika hizo, hata kama ni kuzunguka ploti mara mbili.

Punguza kahawa na chai kali. Hili si ushauri wa jumla tu: moshi wa sigara hulifanya ini limalize kafeini haraka, na ukiacha, vikombe vile vile vinne vinakupandisha mara mbili ya ulivyozoea. Watu wengi wanaosema "kuacha sigara kumenitetemesha" wanatetemeshwa na kahawa.

Dawa zipo. Vibandiko vya nikotini na chingamu ya nikotini viko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na kemisti kubwa za mjini huwa navyo, ingawa si zote. Piga simu kabla ya kupanda matatu. Anayevuta zaidi ya sigara kumi kwa siku kwa kawaida huanza na kibandiko cha miligramu 21, kisha hushuka hadi 14 na 7. Unabandika kwenye ngozi kavu isiyo na nywele, begani au kifuani, na kesho unabadilisha mahali. Chingamu inakuja ya miligramu 2 na 4. Ya 4 ni ya yule anayewasha ya kwanza ndani ya nusu saa baada ya kuamka. Haitafunwi kama ya Big G. Unatafuna polepole mpaka uhisi ukali, unaiegesha kati ya shavu na ufizi mpaka ukali upoe, kisha unarudia. Ukiitafuna na kumeza mate mfululizo utapata kichefuchefu na kwikwi, useme dawa ni mbaya.

Swali linaloulizwa sana: kama nikotini husinyaza mishipa, kwa nini nibandike kabla ya operesheni? Kwa sababu kibandiko kinatoa nikotini kidogo kidogo bila kaboni monoksidi na bila moshi, na kwa wagonjwa wengi faida ya kutovuta inaishinda hasara yake. Ila kuna hali ya tofauti: upasuaji wa kuhamisha ngozi au nyama kutoka sehemu moja kwenda nyingine. Hapo muulize daktari wa upasuaji kwanza, baadhi yao hawataki nikotini ya aina yoyote. Mwenye ugonjwa wa moyo pia aulize.

Ukitaka mtu wa kuongea naye, NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, wana laini ya bure, 1192.

Hatua ya 4: Usiku wa mwisho na asubuhi

Hapa maagizo ni mafupi na hayana mjadala. Chakula unaacha angalau saa 6 kabla. Chai ya maziwa ni chakula, hata kama umeinywa bila mkate. Maji, au chai ya rangi isiyo na maziwa, kwa kawaida huruhusiwa hadi saa 2 kabla, lakini ukipewa saa nyingine hospitalini, fuata hiyo.

Sigara haijazi tumbo, na hapo ndipo watu hujidanganya: "Nimeambiwa nisile, sikuambiwa nisivute." Sigara moja saa kumi na moja alfajiri nyuma ya jengo inarudisha kaboni monoksidi kwenye damu na kupandisha mapigo ya moyo saa chache kabla hujalazwa. Ukishindwa ukavuta, mwambie sista wa thieta kabla hujapanda kwenye meza. Hutafukuzwa. Huenda watakungojesha kidogo, wakupe oksijeni, au wabadilishe mpango. Kibandiko unaweza kuwa nacho kama walikubali. Chingamu yoyote iteme ukifika.

Hatua ya 5: Wodini

Ukizinduka utasikia koo linawasha kwa sababu ya mpira. Kwa mvutaji huwasha zaidi na kikohozi huja mapema. Usikizuie. Chukua mto au shuka iliyokunjwa, uukumbatie juu ya kidonda, kaza, kisha kohoa kwa nguvu utoe makohozi. Kila saa ukiwa macho, vuta pumzi ndefu kama kumi, uishikilie kidogo, uitoe polepole. Kuna hospitali zinazotoa kile kifaa cha plastiki chenye mipira mitatu midogo inayopanda ukivuta hewa. Ukipewa, unavuta, hupulizi. Nusu ya wodi huwa inapuliza.

Kaa, usilale chali siku nzima. Wakikuambia utembee jioni ile ile, tembea, hata ni hadi dirishani. Kama maumivu yanakuzuia kuvuta pumzi, omba dawa bila aibu. Wavutaji mara nyingi huhitaji dawa ya maumivu zaidi ya wengine, na pumzi fupi za kuogopa maumivu ndizo zinazofunga mapafu chini.

Hospitali yote ni eneo lisiloruhusiwa kuvuta kisheria, lakini sababu iliyo karibu zaidi ni mitungi ya oksijeni. Oksijeni haiungui yenyewe, inafanya kila kitu kingine kiungue kwa kasi: shuka, nywele, barakoa iliyo usoni. Anayejificha chooni na kiberiti huku mrija wa oksijeni uko shingoni hajihatarishi peke yake.

Hatua ya 6: Kidonda, na mfupa

Kidonda kinaponywa na damu inayokifikia. Mishipa iliyosinyaa kwa nikotini na damu yenye upungufu wa oksijeni ina maana ya usaha, kovu baya, nyuzi kuachia, ngiri kurudi mahali ilipofungwa, au utumbo ulioshonwa kuvuja. Kwa hiyo kuacha hakuishii siku ya operesheni. Wiki 4 baada nazo zina kazi, na kwa mfupa ni miezi.

Mfupa niusemee peke yake, maana wodi za mifupa za jiji hili zimejaa vijana walioanguka na bodaboda. Mguu umewekwa chuma, kijana ameketi kwenye kiti cha magurudumu nje akivuta kupitisha muda. Sigara huchelewesha mfupa kuunga, na huongeza uwezekano wa kutounga kabisa, ambapo anarudishwa thieta upya, kwa gharama mpya na bila kazi kwa miezi mingine. Kama kuna mgonjwa mmoja ninayetamani asome hatua hii na kuruka nyingine zote, ni huyo.

Ikiwa ni dharura

Kidole tumbo kikipasuka hakingojei wiki 4. Hapo usianze kuomba radhi kwa sigara zako, sema tu unavuta, kiasi gani, na ya mwisho ilikuwa saa ngapi. Watakupa oksijeni na kuchagua dawa na njia inayokufaa. Kuacha kwako kunaanza ukizinduka, na kwa kuwa umeshakaa wodini siku mbili bila kuvuta, sehemu ngumu zaidi imeanza kupita.

Ikiwa anayepasuliwa ni mtoto

Mtoto wa tonsili au wa ngiri havuti, lakini anavuta ya baba. Watoto wanaoishi na moshi wa sigara hupata zaidi shida ya koo kujifunga na mirija kubana wakilazwa usingizi. Kuvuta dirishani au kwenye korido ya ploti hakutoshi katika chumba kimoja cha futi kumi kwa kumi, na moshi hubaki kwenye shati unapombeba. Mwambie anayemlaza kwamba nyumbani kuna mvutaji, na pia kama mnapikia jiko la makaa ndani. Kama mtoto ana mafua au kikohozi siku ya operesheni, sema kabla hajavalishwa gauni. Kuahirishwa kunauma, lakini sema.

Ukiruhusiwa kwenda nyumbani

Rudi kasualti bila kungoja tarehe ya kliniki ukiona haya: homa, makohozi ya manjano au kijani yanayoongezeka, pumzi kukatika, maumivu ya kifua, mguu mmoja kuvimba na kuuma kwenye msuli wa nyuma, au kidonda kutoa usaha. Wageni watakaokuja kukuona wavutie nje ya geti. Na siku ya kutoa nyuzi, kama umerudia hata moja, mwambie daktari anapokagua kidonda, ili akikuta kimechelewa ajue aanzie wapi.